Maradhi ya Presha: Dawa, Miti na Sala

Huenda nyumbani mwako yumo mtu mwenye maradhi ya presha. Labda ni baba, labda ni bibi, labda ni wewe mwenyewe. Alikwenda zahanati, akapimwa mkononi, akaambiwa, "Vidonge hivi utavimeza kila siku." Akauliza, "Hata lini?" Akajibiwa, "Siku zote za maisha yako."

Neno hilo ni zito. Mtu aliyezoea kuugua malaria, akameza dawa siku tatu na kurudi shambani, aona ajabu kuambiwa kwamba ugonjwa huu hauna mwisho. Ndiyo maana wengi huanza kutafuta njia nyingine. Leo natuzitazame njia hizo, tujue ipi yatufaa na ipi yaweza kutuangamiza.

Presha ni nini?

Moyo husukuma damu katika mishipa ya mwili. Nguvu ya msukumo huo ikizidi siku nyingi, mishipa hukakamaa, moyo huchoka, na figo huharibika. Mshipa wa kichwani ukipasuka au ukiziba, mtu hupooza upande mmoja, pengine hufa.

Mganga hupima akaandika hesabu mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, na zikibaki hivyo zinapopimwa siku nyingine, hiyo ni presha. Hatari yake ni hii: mara nyingi haiumi. Mtu analima, anacheka, anakwenda arusini, kumbe maradhi yanaendelea kumla. Basi asikudanganye mtu kwamba ukijisikia vizuri umepona. Kipimo ndicho kisemacho kweli.

Je, dawa za miti ni mbaya?

Hasha. Katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, twafundishwa kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara hazidharau. Kwinini yatoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Wajesuiti walisaidia kuieneza Ulaya katika karne ya 17, hata watu wakaiita unga wa Wajesuiti. Dawa mseto ya malaria nayo ina asili yake katika mmea wa China; Mama Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa Tanzania, Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002.

Lakini angalia vema. Dawa hizo zilipimwa: mtu ameze kiasi gani, mara ngapi, na nani asipewe. Majani yaliyochemshwa sufuriani bila kipimo yaweza kumsaidia mmoja na kumharibia mwingine ini au figo.

Kwa mgonjwa wa presha, chai ya rozela na vitunguu saumu vimeonekana kuishusha kidogo. Shika neno hilo "kidogo". Havitoshi kuwa badala ya vidonge. Tena, anayemeza dawa za kuzuia damu isigande asile saumu nyingi kama dawa bila kumwuliza mganga, maana aweza kutokwa damu.

Tiba kubwa ya asili imo jikoni. Chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Mama, usimpikie mgonjwa chungu chake peke yake kama mtu aliyetengwa. Punguza chumvi ya nyumba nzima, nanyi nyote mtafaidi. Mboga za majani, maharage na matunda ni chakula chema. Tumbaku iachwe, pombe ipungue, na miguu itembezwe.

Tukumbuke Loliondo

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Bei ilikuwa shilingi 500 tu. Watu waliamini kwamba kikombe kimoja kinaponya kisukari, UKIMWI, kansa na maradhi mengine sugu. Wagonjwa wengine walifia njiani au katika foleni. Wapo walioacha dawa za hospitali, ingawa madaktari waliwaonya. Hakuna uchunguzi wa kitabibu uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya maradhi hayo.

Tusiwacheke waliokwenda. Walikuwa wamechoka. Uchovu huo ndio yatupasa kuutibu majumbani mwetu.

Nguvu ya utulivu

Hapa ndipo sala na tafakari zifaapo sana. Wachunguzi huko Italia waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, wakatangaza habari yao mwaka 2001. Pumzi za watu hao zilipungua hata zikawa karibu 6 kwa dakika, na moyo ukaenda kwa utulivu pamoja na pumzi. Sababu ni rahisi: Salamu Maria moja, ikigawanywa kati ya anayeongoza na wanaoitikia, huchukua kama sekunde 10, na mtu hupumua mara moja.

Hii haina maana kwamba rozari ni kidonge, wala hatusali ili kushusha presha. Lakini Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba na mwili. Basi jioni, kazi zikiisha, keti na mgonjwa wako. Salini polepole bila kukimbiza maneno. Kaeni kimya kidogo. Hofu na upweke humfanya mgonjwa atupe dawa. Akiwa na wenzake huvumilia.

Mambo manne ya kushika

Kwanza, usiache vidonge bila amri ya mganga, hata ukijisikia mzima.

Pili, ukitumia dawa ya miti, mwambie mganga bila kuona haya.

Tatu, pimwa mara kwa mara, na hesabu ziandikwe.

Nne, dawa zisingoje kwisha. Vijana wa nyumba wapeane zamu ya kuzifuata zahanati.

Yoshua bin Sira, katika sura ile ile, amwambia mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Yote mawili, si moja. Basi leo, kabla ya kulala, mwulize mzee wako kwa upole, "Baba, umekwisha kumeza dawa?" Kisha mletee maji.