Kulenga si Kufuma

Wahenga walisema kwamba kulenga si kufuma. Methali hii ina uzito wa pekee kwa askari wa jeshi na wa polisi, kwani nyati au tembo akivamia kijiji, wananchi huwakimbilia wao. Mwenye bunduki hudhaniwa kuwa ndiye mwenye dawa. Lakini historia ya nchi jirani ya Uganda yaonyesha wazi kwamba bunduki peke yake si dawa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti mmoja, Walter Bell, aliwinda tembo huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Hakuja kwa manufaa ya wenyeji. Alikuja kuchuma pembe, na katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000 barani Afrika. Hata hivyo, jambo moja katika habari zake lastahili kuchunguzwa. Wakati wawindaji wengi walibeba bunduki nzito zenye mitutu mipana, yeye aliwaua wengi wa tembo hao kwa bunduki ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 tu.

Siri yake ya kwanza ilikuwa maarifa. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Kichwa cha tembo ni kikubwa, lakini sehemu kubwa yake ni mfupa wenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo umejificha nyuma, karibu na usawa wa matundu ya masikio. Risasi ikiukosa, mnyama hubaki na maumivu na hasira. Siri ya pili ilikuwa umbo la risasi. Ilikuwa ndefu, yenye ganda gumu na ncha butu. Hivyo ilipenya mfupa na kwenda moja kwa moja bila kutanuka.

Risasi ya vita imeundwa kwa madhumuni mengine. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazotanuka mwilini. Ndiyo maana risasi ya askari hufunikwa ganda gumu. Ncha yake nayo huchongwa ili ikate hewa vizuri, lakini ikizama katika nyama nene hupinduka na kuacha njia yake. Isitoshe, risasi ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi, na nguvu yake itokapo mtutuni ni kama jouli 2,000. Bunduki ya inchi 0.375, ambayo nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji huihesabu kuwa ndogo kuliko zote zinazofaa kwa nyati na tembo, hutoa karibu mara tatu ya nguvu hiyo.

Huenda wakatokea wa kuuliza: mbona bunduki za kivita zilimaliza tembo wengi wa Uganda katika utawala wa Idi Amin na machafuko yaliyofuata? Ni kweli ziliwamaliza, kwa wingi wa risasi. Lakini jangili hajali mnyama aliyejeruhiwa amekimbilia wapi. Askari hana budi kujali. Nyati aliyepigwa tumboni hujificha kichakani, na humo aweza kumgeukia anayemfuata, au kesho yake akamshambulia mama aendaye kisimani.

Kwa hiyo, wajibu wa kwanza wa askari aliyeitwa ni kuwaondoa watu, kumwachia mnyama njia ya kutokea, na kumwita askari wa wanyamapori mwenye silaha na mafunzo ya kazi hiyo. Ikiwa maisha ya mtu yamo hatarini na hakuna muda wa kungoja, basi nyati aliyesimama ubavu hulengwa kwa kufuata mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini, palipo moyo na mapafu.

Ushujaa wa askari haupimwi kwa wingi wa maganda ya risasi yaliyotapakaa miguuni pake. Hupimwa kwa usalama wa wananchi aliowaacha nyuma yake.