Mtende Mmoja, Bei Moja: Biashara ya Kukata Miti Maskati

Ukimwita mkandarasi aje kusafisha mitende ya nyumbani kwako Al Khoud au Seeb, swali lake la kwanza litakuwa ipo mingapi. La pili litakuwa urefu. Ni nadra aulize kama shina lina tundu linalotoa majimaji, au kama waya wa umeme umepita karibu. Bei hutajwa kwa mti, makuti hupakiwa kwenye pikapu, na kazi huhesabiwa imekwisha ua likishafagiliwa. Katika vitabu vya hesabu hiyo ni huduma ya usafi. Juu ya mti hali ni nyingine: kuna mtu aliyening'inia mita 12 au 15 juu ya saruji, chombo chenye makali mkononi, na namna anavyolipwa ndiyo inayoamua atapanda vipi.

Oman ilikuwa na fundi wa kazi hii kabla haijawa na wakandarasi. Aliitwa bidari. Katika mashamba ya Nizwa, Samail na Rustaq, huyo ndiye aliyepandisha chavua mapema mwaka unapoanza, akayainamisha makole yasivunjike kwa uzito, akakata makuti makavu, kisha akavuna. Kwa desturi, ujira wake ulitoka katika mavuno yenyewe. Mtende una kilele kimoja tu cha kukulia, na kichilema kikikatwa mti umekufa. Bidari aliyekosea pale alijikata mwenyewe. Maarifa haya ya mtende yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019, Oman ikiwa miongoni mwa nchi zilizoyawasilisha. Heshima hiyo ni njema, ila haijabadili bei ya mti mmoja mjini.

Vifaa vya bidari vilikuwa vichache: mundu wenye meno uitwao mijazi, kikapu cha ukindu, na habuli. Habuli ni mkanda mpana uliounganishwa na kamba nene, unaozunguka shina na mgongo wa mpandaji. Anaegemea nyuma, anaulegeza, anaurusha juu kidogo, anapandisha miguu kwenye vigutu vya makuti yaliyokatwa zamani. Ni ngazi na kiti kwa pamoja, na wafanyakazi wengi wa mitende hapa, wakiwemo waliotoka Bangladesh, India na Pakistan, wangali wakiutumia kwa ustadi wa kustaajabisha. Kasoro yake ni kwamba hauna wa pili wake. Fundo likifyatuka au kigutu kilichooza kikimeguka, hakuna kingine cha kumshika.

Kwa mundu, hatari hiyo bado ina kipimo. Msumeno wa mnyororo ukipandishwa juu, mambo yanageuka, kwa sababu mnyororo wake hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde na kamba ya nyuzi haiuzuii hata kidogo. Ndiyo maana mafundi wa miti wa Ulaya na Marekani hujifunga mara mbili kabla ya kuwasha msumeno juu ya mti, na ule mkanda ulio karibu na makali mara nyingi huwa na waya wa chuma ndani. Uingereza, iliyotunga kanuni za kazi za juu mwaka 2005, imekwenda hadi kutaka kamba mbili zinazojitegemea katika kazi ya kawaida ya kupanda. Kamba ya pili inakula muda wa kufunga na kuhamisha. Anayelipwa kwa idadi ya mitende anaujua muda huo unatoka mfukoni mwa nani.

Wasomaji wenye jamaa Pemba hawahitaji kuelezwa sana. Mchumaji wa karafuu naye amelipwa miaka na miaka kwa pishi, na matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Kila msimu kuna wanaoanguka, kwa kuwa karafuu nyingi ziko nchani na pishi haijazwi na aliyekaa karibu na shina.

Si kila kifaa cha kigeni kinafaa hapa kama kilivyo. Suruali ya kinga ya msumeno imejazwa tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huchomoka, zikajisokota kwenye mashine na kuisimamisha. Ni kinga bora, lakini ilibuniwa kwa misitu ya baridi. Maskati ya Juni joto hupita nyuzi 40, na mtu aliyezimia kwa joto juu ya mti hana tofauti kubwa na aliyejikata. Sheria ya Oman inasimamisha kazi za nje saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, Juni hadi Agosti. Mkandarasi makini huanza alfajiri na kumaliza mapema. Mwingine huibana kazi ileile katika saa zilizobaki, na haraka ikaongezeka.

Gari la kreni lenye kikapu linaonekana kumaliza tatizo, na kandokando ya barabara ya Sultan Qaboos linamaliza kweli. Ndani ya ua la nyumba halipiti lango. Na mtende wenyewe una visirani vyake hata kwa mwenye vifaa vyote: mchanga uliojikusanya kwenye vigutu hutia mnyororo butu, nyuzi za shina huziba mashine, na miba ya chini ya makuti ikichoma kiungo cha kidole huacha uvimbe wa wiki nyingi. Mtende wa mapambo uitwao Washingtonia ni mbaya zaidi. Makuti yake makavu hubaki yamening'inia kama sketi, na anayeyakata kutoka chini anaweza kuporomokewa na mzigo wote ukambana kwenye shina hadi akakosa pumzi. Marekani wameuawa wakataji kwa njia hiyo. Kanuni ni kuanzia juu kwenda chini, jambo linalotaka kikapu au kamba iliyopitishwa vizuri, si mkanda wa kiunoni tu.

Kisha kuna fukusi mwekundu, aliyeripotiwa Oman mwaka 1993. Jike huvutwa na harufu ya jeraha bichi na kutaga humo. Mabuu hulila shina kwa ndani, na mwenye mti hujua wakati umeshapita. Kwa hiyo kupunguza makuti wakati wa joto ni kumwalika mdudu kwa gharama ya mwenye nyumba. Wataalamu hushauri kazi ifanywe miezi ya baridi na jeraha lipakwe dawa. Vilevile hushauri mti ubakiwe na makuti manane hadi kumi kwa kila kole. Mitende mingi ya mjini hunyolewa ikabaki na ufagio mdogo juu, kwa kuwa mteja huona amepata thamani ya fedha yake na mkandarasi hujua itapita muda kabla ya kuitwa tena kwa malalamiko.

Kazi ya dharura ni sura nyingine. Vilipopita vimbunga vya Gonu mwaka 2007 na Shaheen mwaka 2021, kila mwenye msumeno aligeuka fundi. Shina lililoanguka huku limepinda huhifadhi nguvu, na likikatwa upande usiofaa humrukia mkataji.

Wanunuzi wakubwa wa kazi hii Maskati ni manispaa, hoteli, na makampuni yanayosimamia makazi. Wao ndio wanaoweza kuandika mkataba wa mwaka mzima, unaoanza Novemba, unaolipia ukaguzi wa fukusi kando na ukataji, unaotaja kamba mbili na mtu wa chini aliyefunzwa kumteremsha majeruhi, na kumzuia mkandarasi asimlipe mpandaji kwa kichwa cha mti. Bei ya zabuni itapanda. Kwa sasa tofauti hiyo hailipwi na mnunuzi. Inalipwa na mpandaji, na miaka michache baadaye na yule anayelipia kung'oa mtende uliooza ndani.