Ala Hukaa Sawa Inapopoa

Ala ya kisu ina kazi mbili zinazovutana. Inatakiwa ikishike kisu hata mwenyewe akiinama, akipanda mnazi au akiruka mtaro, na wakati huohuo ikiachie mara moja kinapovutwa. Ikilegea, kisu huchomoka chenyewe na kumwumiza mwenye nacho. Ikibana kupita kiasi, atakivuta kwa nguvu zote, na siku kitakapoachia ghafla mkono utafika asikotaka. Tofauti ya ala hizo mbili mara nyingi haizidi unene wa karatasi moja au mbili.

Pengo dogo kiasi hicho halitengenezwi kwa tupa wala msasa. Mafundi wengi wa ala huitegemea njia nyingine: hulainisha ala kwa joto au kwa maji, huikandamiza juu ya kisu chenyewe, kisha huiacha itulie. Waswahili husema udongo upate uli maji. Kwa ala, methali hiyo inaeleza nusu ya kwanza tu ya kazi. Kulainika huipa ala umbo. Kubana kwenyewe huja baadaye, inapopoa au kukauka.

Nyuzi 80 za PVC

Fundi bomba aliyeishiwa na soketi huwa na ujanja wake. Hushika bomba la PVC, huzungusha ncha yake juu ya moto mpaka ilegee, kisha huisukuma juu ya bomba jingine. Ikipoa imekuwa mdomo mpana unaopokea bomba la pili. Plastiki hiyo haikuyeyuka wakati wowote. Ililainika tu.

PVC ni polima, yaani molekuli zake ni minyororo mirefu yenye viungo mamia hadi maelfu, na minyororo hiyo imepitana ovyo ovyo. Chini ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi, minyororo hutikisika palepale ilipo bila kusogea, ndiyo maana bomba ni gumu. Joto likipita hapo, vipande vya minyororo hupata nafasi ya kupishana, na plastiki iliyokuwa ngumu huanza kunyumbuka. Ukiikunja katika hali hiyo na kuishikilia mpaka irudi chini ya nyuzi 80, minyororo hukwama katika mpangilio wake mpya. Kipande cha bomba kilichopasuliwa, kikatandazwa kingali moto na kukunjwa kuzunguka bapa la kisu, huwa ala kwa njia hiyo.

Watengenezaji wa visu nchini Marekani hutumia sana ndugu yake PVC anayeitwa Kydex, ambaye ni mchanganyiko wa PVC na akriliki. Kampuni ya Rohm and Haas ilimtoa mwaka 1965, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutengeneza sehemu za ndani za ndege. Huuzwa kwa mabamba, na yanayopendwa kwa ala huwa na unene wa milimita 1.5 hadi 2. Bamba huwekwa ndani ya oveni na kupashwa hadi kati ya nyuzi 160 na 200 hivi, mbali juu ya kiwango cha kulainika. Sababu ni kwamba plastiki iliyovuka kiwango hicho kidogo tu bado ina ukinzani wa mpira: ukiikunja, inavuta kurudi ilikotoka, na pembe za kisu haizifuati vizuri. Joto likizidi, ukinzani hupungua na bamba hulala juu ya kila kona.

Baada ya hapo fundi huwa na muda mfupi tu. Hulitoa bamba, hulikunja juu ya kisu na kulibana katikati ya mbao mbili zilizobandikwa sponji nene. Sponji hubonyea penye mpini mnene na kujaa penye bapa jembamba, hivyo shinikizo hufika kila mahali. Kisha hungoja. Akifungua mapema, bamba hujifungua kidogo na ala huzaliwa imelegea.

Hesabu ya kunywea

Kwa nini kungoja kuna maana kubwa hivyo? Plastiki hii, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, hunywea takriban sehemu 70 kwa kila milioni ya urefu wake. Chukua kisu chenye upana wa milimita 40. Ala yake ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 25, upana huo hupungua kwa karibu milimita 0.15, kama karatasi moja na nusu ya kuandikia. Chuma hunywea sehemu 12 tu kwa milioni. Hata kama bapa nalo lingekuwa na nyuzi 80, lingepungua chini ya milimita 0.03. Plastiki imenywea, kisu hakikunywea, na tofauti hiyo ndiyo inayobana.

Hesabu imeanzia nyuzi 80 na siyo 170 kwa makusudi. Juu ya nyuzi 80 plastiki inaponywea hujinyoosha yenyewe juu ya chuma, kwa kuwa bado ni laini. Kubana huanza pale inapokuwa ngumu. Kwa hiyo dakika ambazo mtazamaji angedhani kazi imekwisha ndizo zinazoamua ala itakavyoshika.

Wakati mwingine kubana huko huzidi. Dawa yake hutangulizwa kabla ya kukunja: bapa huzungushiwa tepu ya karatasi, tabaka moja au mbili, na ikishatolewa hubaki nafasi ndogo ili kisu kisikwaruzwe kwa urefu wote. Karibu na mpini tepu haiwekwi. Mdomo wa ala ndio unaotakiwa kushika; huko ndani kisu kinahitaji kupita tu.

Plastiki inayokumbuka

Ala ya namna hii ikilegea baada ya miaka, inaweza kurekebishwa. Sehemu ndogo ya PVC imejipanga katika fuwele ndogondogo zinazofungamanisha minyororo kama mafundo, na mafundo hayo hayafunguki kwa joto la kulainisha. Ndiyo maana ala ikipashwa tena bila kushikiliwa huanza kujinyoosha kuelekea ubapa wake wa mwanzo. Fundi anayejua hilo hapashi ala nzima. Hulenga mdomo peke yake, hurudisha kisu ndani, hubonyeza kwa vidole vyenye glavu, na hushikilia mpaka ipoe.

Kwa ala ya bomba la PVC, chanzo salama cha joto ni maji yanayochemka, kwa kuwa hayawezi kuvuka kiwango chake. Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, kwenye nyuzi 94 hivi. Pote pawili panatosha kuilainisha PVC, na hapafiki mahali pa kuiharibu. Kipuliza hewa moto hutoa joto la nyuzi mamia, kwa hiyo lazima kisogezwe bila kusimama. Jiko la mkaa halifai kabisa. PVC ikipashwa kupita kiasi huanza kuvunjika na kutoa kloridi ya hidrojeni, gesi inayochoma koo na mapafu. Ikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo hula chuma cha kisu chenyewe.

Ala nyingi za viwandani, hasa za visu vya wavuvi, hutengenezwa kwa polipropilini au polithini. Hizi zina fuwele nyingi zaidi, na fuwele zao hushikilia umbo mpaka joto lifike nyuzi 160 hivi kwa polipropilini, na 130 hivi kwa polithini ngumu. Maji ya moto huzilegeza bila kuzigeuza. Ukizichovya, ukazibana na kuzipoza zikiwa zimebanwa, utapata nafuu, lakini sehemu ya umbo la zamani itarudi. Mwenye ala hiyo abane kupita kidogo pale anapopataka.

Ngozi haisamehe

Kwa ngozi mambo hubadilika. Nyuzi zake ni kolajeni, protini ambayo umbo lake lilipendekezwa mwaka 1954 mjini Madras, India, na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha. Walichunguza kwa miali ya eksirei kano za mkia wa kangaruu walizopewa na taasisi ya utafiti wa ngozi ya mji huohuo. Jibu lao lilikuwa minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja. Msokoto huo una kiwango chake cha joto. Ngozi mbichi iliyolowa ikifika nyuzi 60 au 65, msokoto hufunguka, nyuzi hujikunyata na ngozi hupoteza hata theluthi moja ya urefu wake. Ikiendelea kupikwa huwa gundi.

Kudabighi ngozi huusogeza mpaka huo juu. Tanini za magome ya miti hujishikiza kwenye kolajeni, na ngozi ya namna hiyo huvumilia hadi nyuzi 70 au 85. Tanini hizo zinajulikana vizuri huko Njombe, ambako Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kupanda miwati mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake. Ngozi iliyodabighiwa kwa chumvi za kromu huvuka nyuzi 100, ila haishiki umbo vizuri, kwa hiyo watengeneza ala huipendelea ya magome.

Ngozi hiyo hulowekwa katika maji ya vuguvugu. Maji hupenya katikati ya nyuzi na kuzipa nafasi ya kupishana, kazi ileile inayofanywa na joto ndani ya plastiki. Kisu hufungwa kwa nailoni kwanza, maana tanini ikikutana na chuma hutoa weusi uleule uliotengenezewa wino wa zamani, na doa lake halitoki. Ngozi hubonyezwa kwa vidole mpaka ifuate kisu, kisha huachwa ikauke polepole penye joto lisilozidi nyuzi 40 hivi. Maji yanapoondoka, nyuzi hukaribiana na kushikana mahali papya.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Ngozi kavu huvumilia joto zaidi kuliko ngozi iliyolowa, kwa hiyo anayeanika ala yenye maji kando ya jiko huichoma katika saa yake ya udhaifu. Ikijikunyata na kuwa ngumu, kuiloweka tena hakusaidii, kwa sababu msokoto uliofunguka haurudi ulivyokuwa. Ala za sime za Kimaasai hulikwepa tatizo hili: ngozi mbichi huvalishwa ikiwa imelowa juu ya vibao viwili vya mti na kuachwa ikauke. Inaponywea hujikaza juu ya mti, na mti ndio unaolinda umbo.

Joto usilolipanga

Ala hukutana na joto hata baada ya fundi kumaliza. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 65, karibu sana na mahali PVC inapoanza kulegea. Gundi nyingi za epoksi zinazoshika mipini hulainika katika kiwango hichohicho, kwa hiyo kisu hakitakiwi kuingia oveni pamoja na bamba.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Funga makali kwa tepu, tia kisu ndani ya ala, igeuze mdomo chini juu ya godoro na uitikise. Kisu kikibaki, kivute kwa mkono mmoja ukisukuma ala kwa kidole gumba. Kikikataa au kikianguka, ala ya PVC utairudisha kwenye joto na kuanza upya, kesho na mwakani. Ya ngozi inasahihishwa kwa maji tu, na kwa kiasi. Mwenye kuchagua baina ya hizo mbili anachagua pia idadi ya makosa atakayoruhusiwa kuyafanya.