Alinunuliwa Ili Awe Huru

Vijana wetu hupenda hadithi za mapenzi zenye mashaka, ambazo msomaji halali mpaka ajue kama msichana ataokoka. Mojawapo ni Redeeming Love, aliyoiandika Francine Rivers wa Marekani mwaka 1991. Humo Angel aliuzwa kwenye ukahaba angali mtoto. Mkulima Mkristo, Michael Hosea, anamwoa. Angel anatoroka, naye anamfuata.

Hadithi hii imejengwa juu ya kitabu cha nabii Hosea. Katika mlango wa tatu, Hosea anamnunua mwanamke huyo kwa vipande 15 vya fedha, pamoja na shayiri. Mfanya biashara ya watu hununua ili afunge. Hosea alinunua ili arudishe nyumbani.

Lakini tusidanganyike. Hadithini mwovu hutambulikana upesi. Maishani huja na maneno matamu: ahadi ya arusi, au kazi nzuri ng'ambo. Kisha pasipoti huchukuliwa, na deni huanza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtu huyo kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Wala hawezi kujitetea kwamba msichana alikubali, ikiwa alimdanganya.

Basi wazazi, binti akiahidiwa kazi ya mbali, ulizeni jina la mwajiri, na kama wakala amesajiliwa na serikali. Na binti akirudi amevunjika, asipokewe kwa masengenyo. Hosea hakungoja mkewe atakate kwanza, alikwenda. Mungu atupe moyo huo. Amina.