Unanunua kahawa Mpanda? Cheki mambo haya 4 kabla hujalipa

Pakiti kali haimaanishi mkaangaji anajua kazi. Usitupe hela, anza na haya:

1. Tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haitoshi. Kahawa ikikaa miezi, harufu inakata.

2. Ilikotoka. Mkaangaji makini anataja: arabika ya Mbozi au Kigoma, robusta ya Kagera.

3. Rangi. Omba uone punje zenyewe. Ziwe na rangi moja. Nyeusi tii si ubora; kuunguza huficha kasoro.

4. Povu. Saga, mimina maji ya moto hapohapo. Ikivimba na kutoa povu, bado mpya. Ikitulia tu, ni ya zamani.

Hujaridhika? Nunua pakiti ndogo kwanza.