Dumu la maji nalo lioshwe



Maji ya bomba kambini hutiwa klorini kabla hayajakufikia. Wapimaji hutaka kukuta angalau miligramu 0.5 ya klorini katika kila lita pale bombani, na isipungue 0.2 maji yakiwa nyumbani. Hata hivyo akina mama wanauliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa maji ni salama, mbona watoto bado wanaharisha? Sababu ni zaidi ya moja. Leo tunaishughulikia ile iliyomo ndani ya dumu, au bidoni kama wanavyoita wenzetu wa Kongo.

Dumu likiwa tupu, limulike ndani kwa tochi au liinamishe juani. Ukiona rangi ya kijani au weusi ubavuni, au ukiona maji yanateleza kama yanapita juu ya mafuta, huo ni ute. Ute huo umejaa vijidudu vilivyogandamana na kujifunika, na suuza ya haraka pale bombani haiviondoi. Ubaya wake ni kwamba unaila klorini. Maji yaliyotiwa dawa yakiingia katika dumu chafu, dawa yote inaishia kupigana na ule ute, na jioni mtoto anapokunywa hakuna kinachomlinda tena.

Jambo hili limeonekana kambini kwingine. Mwaka 1993 nchini Malawi, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji, maji ya chanzo yalikutwa karibu safi kabisa, lakini yalichafuka mara yakiingia kwenye ndoo, hasa kwa sababu ya mikono iliyogusa ndani. Kaya zilizopewa ndoo yenye mfuniko na mdomo wa kumiminia zilipata nafuu: kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa takriban asilimia 31. Mwaka 2004 katika kambi ya Abu Shouk, Darfur, kuhara kulizuka ingawa maji yalikuwa yakitiwa dawa. Ndipo vyombo vya kambi nzima, zaidi ya 13,000, vikasuguliwa kwa mawe na klorini kwa muda wa siku 5.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mdomo mwembamba wa dumu ni kinga nzuri kwa sababu mkono hauingii, lakini kwa sababu hiyo hiyo brashi nayo haiingii. Kinachosugua badala ya brashi ni changarawe. Okota viganja viwili vya vijiwe vidogo vya mviringo, vioshe kwanza, uvitie ndani pamoja na kiganja kimoja cha mchanga safi. Ongeza maji lita 2 hivi, yakiwa ya uvuguvugu ni bora zaidi, na sabuni iliyoparuzwa kwa kisu, kiasi cha ncha ya kidole gumba. Tunajua sabuni ni ya shida. Kiwango cha mashirika ni gramu 250 kwa mtu kwa mwezi, na kuna miezi mgawo unachelewa. Ikikosekana, tumia majivu meupe ya kuni yaliyochekechwa, viganja viwili. Majivu yanasugua na yanakata mafuta vizuri, ila hayaui vijidudu kama klorini.

Funga kifuniko, kisha tikisa kwa nguvu kwa dakika 5. Usitikise huku dumu limesimama tu. Lilaze ubavu huu, halafu ule, kisha ulipindue juu chini. Mahali panaposahauliwa ni mpini. Katika madumu mengi mpini una uwazi ndani, maji yanaingia humo, na ute hujificha hapo kuliko mahali pengine popote. Lilaze dumu upande wa mpini na ulitikise hivyo kwa muda. Kazi hii vijana wanaiweza sana, nasi hatuoni sababu ya kuwaachia akina mama peke yao.

Mwaga, suuza mpaka mchanga na povu viishe. Fanyia kazi hii pembeni, mbali na bomba, maana changarawe huziba mfereji wa maji machafu na majirani watakulaumu kwa haki.

Dumu likishasuguliwa ndipo dawa inafaa. Atakayetia dawa bila kusugua amepoteza dawa yake. Dawa tunayoisema ni ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, inayojulikana madukani kwa jina la Jik, na kwa wengine kama Javel. Chagua isiyo na manukato. Katika lita moja ya maji weka kijiko kimoja cha chai. Kwa dumu la lita 20, lita 2 na vijiko viwili vinatosha. Funga, tikisa ili dawa iguse kila upande pamoja na mpini na kifuniko, acha nusu saa ukilipindua mara kwa mara, kisha mwaga na usuuze kwa maji ya bomba. Dawa hiyo hiyo unaweza kuimimina katika dumu la pili la nyumbani, mradi haijachafuka na bado inanuka. Klorini ya unga msijipimie wenyewe. Ina nguvu mara nyingi zaidi, waachieni wafanyakazi wa afya.

Baadhi ya madumu huwa na ukoko mweupe wa chokaa. Maji ya limau au siki huutoa. Lakini hapa sikilizeni vizuri: limau au siki isikutane na Jik hata kidogo. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na ndani ya nyumba ndogo inaweza kuua. Ukitumia limau leo, suuza mara mbili, na dawa uitie kesho.

Lile dumu jembamba la kukunjika linalogawiwa lisitiwe vijiwe wala mchanga, litatoboka kwenye mikunjo. Tumia sabuni na vipande vya kitambaa safi, tikisa, kisha utie dawa kama kawaida. Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia linaoshwa kwa majivu na maji ya moto kiasi, mara tatu au nne hadi harufu iishe. Lililokuwa na dizeli, petroli au dawa ya wadudu halioshwi likafaa kwa maji ya kunywa, hata ukilisugua mwaka mzima. Ukiuziwa dumu sokoni, linuse kwanza.

Kuna wanaokata sehemu ya juu ya dumu ili mkono uingie na kusugua kirahisi. Linaoshwa vizuri, ni kweli, lakini baada ya hapo kila kikombe na kila mkono wa mtoto unaingia humo. Dumu la namna hiyo liwe la kufulia.

Kuhusu kifuniko: kikipotea watu wengi huziba kwa gunzi la mahindi au majani. Gunzi hunyonya uchafu na haliwezi kuoshwa. Kifunge kifuniko kwa kamba kwenye mpini mapema, kabla hakijapotea.

Kusugua kwa changarawe mara moja kwa wiki kunatosha. Nyumbani mwenye mgonjwa wa kuhara, osheni na mtie dawa kila siku hadi apone. Chupa ya Jik iwekwe juu, mbali na watoto, katika chupa yake yenyewe na siyo katika chupa ya soda, na isipigwe na jua, kwa sababu joto na mwanga huipunguzia nguvu.