Milioni 15, nani kawahesabu?

Wiki iliyopita video ilizunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu, Kensington: eti wageni Afrika Kusini ni milioni 15. Nikafungua sensa ya 2022. Watu wote milioni 62. Waliozaliwa nje kama milioni 2.4. Hata kama sensa iliwaruka wengine, milioni 12 na zaidi watajificha wapi?

Nikajiona mjanja. Jioni ikaja sauti: "Wanakuja Jules Street usiku!" Nikamtumia Mama bila kuuliza nani kasema, lini. Akafunga kibanda siku mbili. Hakuna aliyekuja.

Uongo wao niliupima. Wa kwetu niliumeza kwa sababu ya woga. Kabla hujatuma, uliza: nani kasema, kajuaje? Mama bado ananidai siku zake mbili.